Hema kando ya mto Echo Park: kwanza uliza barabara

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Mimi na mke wangu tunaishi Denver, tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Mwezi wa nane tunataka kwenda kulala siku mbili kwenye ile kambi ndogo ya Echo Park, ndani ya hifadhi ya Dinosaur National Monument, pale mito miwili inapokutana. Tumewahi kulala kwenye hema mara moja tu, tena kwenye kambi yenye umeme na mabafu. Tuna hema la watu wanne na gari la kawaida la familia, la chini chini. Tununue nini zaidi? Na je, kulala kando ya mto ndani ya korongo, tukiwa na watoto, ni salama? Baba Neema."

Marahaba, Baba Neema. Umenifurahisha kwa kulitaja gari lako. Wengi huniandikia kurasa mbili juu ya hema, zipu na mifuko ya kulalia, na gari hawaligusi kabisa. Kwa Echo Park gari ndilo swali la kwanza, la pili ni mvua, na hema linafuata nyuma huko.

Njia yenyewe iko hivi. Kutoka mji mdogo wa Dinosaur, upande wa Colorado karibu kabisa na mpaka wa Utah, unashika barabara ya Harpers Corner. Ni lami nzuri inayopanda uwandani kwa maili 25 hivi. Hapo unaiacha lami na kuingia barabara ya udongo, maili 13, sawa na kilomita 21, inayokutelemsha hadi mtoni. Inaanza na mteremko mkali wenye kona za kujikunja, na ukikutana na mwenzio anayepanda, mmoja lazima atafute pa kujibanza. Trela haina nafasi pale. Siku kavu, gari lenye tumbo la juu linashuka taratibu bila shida, hata kama halivuti kwa magurudumu yote manne. Gari la chini kama lako litasuguliwa tumbo na mawe na mitaro, na pancha moja tu kule chini inakugharimu nusu siku. Azima au kodi lililoinuka. Ukikodi, soma mkataba kwanza, maana kampuni nyingi hukataza barabara za udongo, na kulivuta gari kutoka kule bondeni ni gharama utakayoikumbuka. Kagua spea na jeki ungali nyumbani, na jaza tangi kabla ya kuiacha barabara kuu ya US 40.

Hayo ni ya siku kavu. Ikilowa, barabara ile haipitiki, na hapo simbagui mwenye gari kubwa. Sehemu zake nyingi ni udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinywa maji. Tairi likizunguka mara tatu tu, matope yanajaza meno yake yote, linavaa soksi, na kuanzia hapo gari linateleza kama sabuni kwenye sahani. Kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kuteleza kwa miguu yote minne kwa pamoja.

Nina ushahidi. Mwaka mmoja nilishuka na shemeji yangu Ijumaa, tukapanga kutoka Jumapili asubuhi. Usiku wa Jumamosi ikanyesha, wala haikuwa mvua ya kutisha, robo saa hivi ya matone makubwa. Asubuhi mbingu ilikuwa buluu kabisa na mchanga wa kambini umekwisha kauka, shemeji akaanza kukunja hema. Nikamwambia tutembee kwanza kwa miguu tukaione barabara. Hatua ishirini tu, viatu vyetu vilikuwa vizito kama matofali. Kijana mmoja wa kambi ya jirani hakutaka kungoja. Tulimkuta baadaye gari lake limelala ubavu mtaroni, yeye mzima, uso umemshuka. Sisi tulitoka Jumatatu mchana. Tulibakiwa na mkate mmoja na maji ya kubahatisha, na kazini ilibidi nieleze. Tangu siku ile, nikienda Echo Park siku mbili nabeba vya siku nne, maji, chakula na dawa za mtu, na mwajiri namwambia mapema kwamba huenda nikachelewa.

Kwa hiyo cha kwanza cha kununua ni madumu. Weka lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, kunywa na kupikia. Ninyi wanne kwa siku nne mnahitaji lita 64. Najua kambi huwa na bomba la maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Litumieni likiwa wazi, lakini msipange safari juu yake. Mtu akikausha koo jangwani mwezi wa nane, anaanza kwa kuumwa kichwa na hasira, na watoto hawasemi wana kiu mpaka wamechelewa.

Maji ya mto yapo tele, ila yamejaa mchanga laini unaoziba chujio lolote la mkononi baada ya lita chache. Ukilazimika, chota kwenye ndoo jioni, yaache yatulie usiku kucha, asubuhi mimina ya juu polepole, ndipo uyachuje au uyachemshe. Kwa mwinuko wa pale, dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha kuua vijidudu. Hiyo ni akiba ya dharura tu.

Sasa huo mwezi wa nane. Kuanzia mwezi wa saba hadi katikati ya mwezi wa tisa, nchi ile ya makorongo hupata mvua za radi za mchana. Asubuhi anga ni safi, saa sita mawingu yanaanza kuvimba juu ya uwanda, saa tisa alasiri yanapasuka mahali fulani. Hilo "mahali fulani" ndilo la kuliogopa. Mwamba na udongo mkavu haunywi maji haraka, kwa hiyo mvua iliyonyesha kilomita nyingi kutoka kwako, ambayo hukuiona wala kuisikia, inaweza kuja kwenye kijito kilichokuwa kikavu ikiwa ukuta wa maji mekundu, magogo na mawe. Maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 15 tu, yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huondoka na gari dogo, 60 huondoka na karibu gari lolote. Barabara yako ya kushuka inafuata na kukata vijito vya namna hiyo. Ukikuta maji yanapita, zima gari na ungoje. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Na watoto wasicheze ndani ya vijito vikavu mchana ule mawingu yanapojenga, hata kama kivuli chake kinavutia.

Ungenipa mimi kuchagua tarehe, ningekuhamishia nusu ya pili ya mwezi wa tisa. Radi zimepungua, mbu wamepungua, mchana ni wa kupendeza. Mwanzo wa mwezi wa sita nao una uzuri wake, kwani mto umejaa theluji iliyoyeyuka na bonde ni kijani, ila mbu wa wakati ule hawana adabu. Najua shule ndizo zinazowabana. Kama ni lazima iwe mwezi wa nane, fanya hivi. Piga simu ofisi ya hifadhi asubuhi ya safari uulize hali ya barabara, kisha soma utabiri wa uwandani juu, siyo wa mji wa Vernal, upande wa Utah, wala wa Denver. Ukiona mvua imetajwa siku ya kushuka, usishuke. Nendeni Deerlodge Park, kambi ndogo zaidi, ya hema tu, kando ya mto Yampa kabla haujaingia korongoni. Lami inafika hadi pale. Mandhari yake ni tulivu zaidi, haina ukuta mkubwa wa mwamba kama wa Echo Park, lakini mtalala kando ya mto uleule chini ya miti mikubwa, na asubuhi mtaondoka mkitaka.

Kuhusu nafasi: Echo Park ina viwanja ishirini na kitu, na anayefika kwanza ndiye anayepata. Wikendi hujaa. Fikeni Alhamisi, au Jumapili mchana watu wanapoondoka. Kutoka Denver ni saa tano mpaka sita barabarani kabla hujaanza kushuka, basi msitoke nyumbani saa nane mchana mkitegemea kuteremka zile kona gizani. Simu haishiki kule chini hata kidogo, kwa hiyo mwachieni mtu mmoja mjini siku mnayotarajia kutoka, na siku ya pili yake ambayo akiwa hajawasikia ndipo apige simu hifadhini.

Mkishafika mtaelewa kwa nini watu wanavumilia yote hayo. Mto Green unatoka kaskazini kupitia korongo la Lodore, Yampa unatoka mashariki, na mbele yenu limesimama jiwe la Steamboat Rock, ukuta wa mwamba wa mchanga ulionyooka meta 300 hivi juu ya maji. Green unalikumba, unalizunguka, kisha unarudi kaskazini upande wa pili kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mwambie Neema apige kelele akiuelekea ukuta ule, atajibiwa. John Wesley Powell, aliyeteremka mto huu kwa mashua mwaka 1869 akiwa na mkono mmoja, ndiye aliyepaita Echo Park kwa sababu ya mwangwi huo. Siku chache kabla, huko Lodore, timu yake ilikuwa imepoteza mashua moja nzima kwenye maporomoko.

Ilibaki kidogo tu bonde lote hilo liwe chini ya maji. Miaka ya 1950 serikali ilipanga kujenga bwawa chini kidogo ya hapo, watu wakapinga nchi nzima, na sheria ya mwaka 1956 iliyoruhusu mabwawa ya mto Colorado na matawi yake ikaiacha Echo Park nje. Yampa mpaka leo unapanda na kushuka kwa msimu kama zamani. Green unafunguliwa na kufungwa kule juu, kwenye bwawa la Flaming Gorge. Jambo hilo lina faida kwako kulijua, maana kina cha Green kinaweza kubadilika bila tone la mvua, na maji yanayotoka chini ya bwawa ni baridi.

Hapo nafika kwenye usalama wa mto, na nitakuwa mkali kidogo. Ukingoni mwa Echo Park mchanga ni laini, maji yanaonekana mapole, na kila mwaka mzazi anafika na boya la plastiki la kuchezea. Liache nyumbani. Hatua chache kutoka ukingoni mkondo una nguvu, na baada ya Steamboat Rock mto unaingia korongo la Whirlpool, lenye kuta wima na kilomita nyingi zisizo na barabara. Mtoto akichukuliwa na boya hapo, hakuna mahali pa kukimbilia ukamsubiri mbele. Wale mtakaowaona wakipita na mashua kubwa za mpira wana vibali, makoti ya kuelea na watu waliofundishwa. Wanenu wavae makoti ya kuelea yanayowabana vizuri hata kwa kuchezea maji ya magotini, na mtu mzima mmoja awe kazini kuwatazama, kwa zamu, bila simu mkononi (angalau hilo la simu kule ni rahisi).

Kulala kando ya mto kwenyewe hakuna hatari ikiwa mnakaa kwenye kiwanja kilichowekwa. Viwanja vyenye kivuli vina mipopla mikubwa, na mti ule una tabia ya kuachia tawi bila kumwambia mtu, hasa upepo ukija. Kabla ya kupiga hema, inua kichwa. Ukiona tawi kavu linaning'inia, sogea. Jua la asubuhi linawafikia wengine mapema na wengine baadaye kwa sababu ya kuta, na mwezi wa nane utamshukuru aliyekuchagulia kivuli cha asubuhi.

Hema lako la watu wanne linatosha. Kinacholiangusha kule ni upepo na mchanga. Vigingi vyembamba vinavyokuja na hema havishiki mchangani, vinatoka kama njiti kwenye keki. Chukua mifuko minne ya kitambaa, ijaze mchanga, funga kamba ya hema katikati ya kila mmoja, ifukie kina cha mkono hadi kiwiko na uikanyage. Usifunge kamba kwenye vichaka. Funga kamba zote hata kama hewa imetulia kabisa, maana dhoruba ya mchana hutanguliwa na upepo wa dakika tano wenye nguvu ya kuliondoa hema tupu na kulitupa mtoni. Nimeliona likielea, la jirani, kijani zuri. Wekeni mikeka minene ya povu chini ya watoto, na nguo za joto hata mwezi wa nane. Mchana unaweza kuwa mkali wa kuunguza, kisha baada ya jua kuzama hewa baridi inatiririka chini ya korongo kama maji na kutuama mtoni. Mfuko wa kulalia uliowatosha kule kwenye mabafu na umeme huenda ukatosha pia, ila ongezeni blanketi.

Mchanga utaingia kila mahali. Brashi ndogo ya kusafishia zipu ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote chenye kuokoa hema.

Kupika, chukueni jiko la gesi na msitegemee moto wa kuni. Kiangazi mara nyingi moto hupigwa marufuku, na hata usipopigwa, unawashwa ndani ya chuma kilichowekwa kiwanjani tu, kwa kuni mlizokuja nazo. Kuni nunueni karibu na hifadhi, maana za kutoka mbali husafirisha wadudu wanaoua miti. Vyoo ni vya shimo, vizuri kuliko mnavyofikiria. Beba karatasi yako na sabuni. Takataka zote mnarudi nazo mjini, hata maganda ya machungwa.

Watoto watauliza wanyama. Dubu weusi wapo katika nchi ile, basi chakula na dawa ya meno vilale ndani ya gari, visilale hemani. Ila mwizi wenu halisi atakuwa panya na kicheche. Panya wa kule wanaweza kubeba virusi vya hanta, kwa hiyo mkikuta vinyesi vyao mahali, msifagie vumbi likapanda puani. Lowesheni kwanza kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, kisha mpanguse. Nyoka wa njuga wapo, wanapenda vivuli vya mawe, na hawana haja na mtu anayetazama anapoweka mkono. Viatu vinavyolala nje vikung'utwe asubuhi, kwa sababu ya nge. Tochi za kichwani, moja kwa kila mtu, ili hata wa miaka 7 asiende chooni kwa kupapasa.

Usiku wa pili, kama anga ni safi, zimeni tochi zote saa nne hivi mkalale chali mchangani. Hifadhi hiyo tangu 2019 imo katika orodha ya kimataifa ya mahali penye giza la kweli, na kati ya kuta zile Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota, inakatiza kama moshi. Mchana wake pitieni michoro ya watu wa Fremont, wenyeji wa kale wa nchi ile, kando ya kijito cha Pool Creek, ipo kwenye barabara yenu hiyohiyo ya kushukia. Nukta zake zimetobolewa juu sana mwambani, na mwanao wa miaka 11 atakusumbua kuuliza walifikaje. Mtazame bila kugusa, mafuta ya vidole huharibu. Mkitembea pembeni, epukeni ule udongo mweusi wenye vinundu vinundu kama ukoko wa sufuria. Ni viumbe hai vinavyoshika mchanga usipeperuke, na alama ya kiatu kimoja huchukua miaka mingi kufutika.

Asubuhi ya kuondoka, kama usiku ulisikia hata matone machache juu ya hema, usiguse vigingi kwanza. Chemsha chai, chukua mkubwa wako, tembeeni hadi barabarani, kanyaga udongo uutazame unavyofanya chini ya kiatu. Ukishika soli, rudini mkacheze karata. Chakula mnacho.